Nzi wa kwenye majani ya bahari na nzi wa kwenye dagaa: ni wamoja?

BiChanja (Kwale)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba msaada wa anayejua wadudu.

Mimi nakausha dagaa huku kusini, baina ya Gazi na Msambweni. Tuko kikundi cha kina mama. Mashua zikirudi alfajiri tunanunua, tunachemsha kwa maji ya chumvi, tunaanika kwenye chanja. Sasa kusi, upepo wa kusini, limeshika na majani ya bahari yamejaa ufukweni. Mahali pengine ukikanyaga unazama hadi magoti. Yanaoza, yananuka, na nzi wamejaa.

Kwenye mkutano wa wavuvi ikasemwa kwamba hayo majani ndiyo yanayozaa nzi wanaotuharibia dagaa, kwa hiyo tuchange pesa, ikodishwe trekta, yazolewe na kuchomwa. Mchango mkubwa umeangukia sisi tunaoanika. Sikatai kuchanga. Lakini pesa yenyewe tunaipata kwa jasho na ningependa kujua kwanza kama tunamfukuza mwizi mwenyewe.

Nauliza kwa sababu nimewatazama hawa nzi na sioni kama ni wamoja. Kwenye majani yenyewe kuna vidogo vya kijivu, nusu ya punje ya mchele. Ukikanyaga wanainuka kidogo kisha wanarudi pale pale. Chanja zetu haziko mbali na majani, lakini hawa siwaoni kwenye dagaa hata mara moja.

Kwenye mchanga uliolowa, pale maji yanapotoka yakipwa, kuna wengine wakubwa kidogo, kijivu pia, uso unang'aa kama fedha. Hawa wanakimbia zaidi kuliko kuruka. Nilimwona mmoja ameshika kile kidogo cha majani na anakinyonya.

Chini ya mikoko, juu ya tope, wako wembamba wa kijani kinachometameta, miguu mirefu.

Na kwenye chanja ndio wako wale wakubwa, kijani na buluu, macho mekundu, wanavuma. Wanataga mayai meupe kwenye vichwa vya dagaa, hasa siku ya mawingu. Pamoja nao kuna mwingine wa kijivu mwenye mistari mgongoni.

Binti yangu yuko kidato cha tatu na anafanya mradi kuhusu hawa hawa. Anataka kujua wanagawanywa vipi kitaalamu. Mimi nataka kujua kuhusu trekta.

Mtwapa_Kwetu

Dada, nzi ni nzi. Huku kwetu majani yalizolewa mbele ya hoteli msimu uliopita na nzi wakapungua kweli, hasa wale wanaouma vifundo vya miguu jioni. Zoeni tu. Na kwenye chanja kuna watu wananyunyiza dawa ile ya mbu, nzi hawasogei. Jaribu.

Lenzi_Kilifi

Waalaikumu ssalaam dada. Nimefurahi sana kusoma maelezo yako. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, kazi ya kupanga wadudu walioletwa na watu kutoka kila upande, na chupa zilizonisumbua kuliko zote ni zile zilizoandikwa "nzi, pwani" basi. Wewe umesema kila mmoja yuko wapi, anafanya nini, na hali ya maji ikoje. Hiyo ni nusu ya kazi, na ni ile nusu ambayo hadubini haiwezi kuirudisha ikishapotea.

Kabla ya yote, kuhusu dawa. Ndugu wa Mtwapa, nakuomba uliondoe wazo hilo. Dagaa analiwa mzima, na kichwa chake na mifupa yake. Ukinyunyiza dawa ya wadudu juu ya chanja umeinyunyiza kwenye sahani ya mtoto wa mtu. Lakini uliyosema juu ya nzi wanaouma miguu ni jambo la maana na nitalirudia.

Sasa nzi wenyewe. Wote wako oda moja, yaani kundi kubwa moja, Diptera, jina lililowekwa na Linnaeus mwaka 1758, na alama yake ni mabawa mawili tu. Nyuma ya mabawa pana vijiti viwili vyenye vichwa vya duara, mabaki ya mabawa ya nyuma, navyo humsaidia kujiweka sawa hewani. Binti aanze hapo. Kwenye majani ya bahari atakuta vijidudu vinavyorukaruka visivyo na mabawa. Hao ni wa jamaa ya kamba na kaa, awaweke pembeni. Atakuta pia nyigu wadogo mno, weusi, wenye mabawa manne. Nao si nzi, ingawa wengi wao wanaishi kwa kutaga ndani ya mabuu ya nzi.

Baada ya hapo ndipo yanapokuja mambo. "Nzi wa pwani" si ukoo mmoja. Ni koo nyingi zilizofika baharini kila moja kwa njia yake, na kila moja imejishikia ukanda wake.

Wale vidogo vya kijivu kwenye majani, kwa maelezo yako, nawaweka kwenye familia mbili zinazofanana mno: Ephydridae na Canacidae. Kwa macho matupu hutawatenganisha. Kwa lenzi ya mkono nzuri, au hadubini ya shule, tazameni bawa. Ukingo wa mbele wa bawa una mshipa mnene. Kwa Ephydridae mshipa huo umekatika mahali pawili, karibu na bega na tena mbele kidogo. Kwa Canacidae umekatika mahali pamoja tu, pale pa pili. Kisha nendeni kwenye shina la bawa upande wa nyuma: Canacidae wana chumba kidogo kilichofungwa na mishipa, Ephydridae hawana. Uso nao unasema. Ephydridae wengi wana uso uliotuna mbele na mdomo mpana chini yake. Canacidae wana nywele ngumu kando ya jicho zilizoinama kwenda nje, juu ya jicho lenyewe.

Binti akisoma vitabu vya zamani atakutana na familia inayoitwa Tethinidae. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba hao wanapaswa kuwekwa ndani ya Canacidae, na ndivyo wanavyopangwa leo. Baadhi ya vidogo vya majani kwenye fukwe za Bahari ya Hindi wako kwenye tawi hilo, kama jenasi (kundi dogo ndani ya familia) Dasyrhicnoessa. Asichanganyikiwe akiona mdudu mmoja ana familia mbili kwenye vitabu viwili. Atazame mwaka wa kitabu.

Na tafadhali, asichukue jina kwenye programu ya simu kwa kupiga picha tu. Picha nyingi za nzi wa majani ya bahari zilizoko intaneti zimepigwa Ulaya, na hapo jina linalotokea ni Coelopa frigida. Huyo ni nzi wa bahari baridi, mabuu yake hulelewa kwenye mwani mkubwa wa kahawia ambao huku kwetu hauoti. Majani yanayorundikana Kwale wakati wa kusi si mwani. Ni mimea yenye mizizi na maua, na kwa sehemu kubwa ni Thalassodendron ciliatum inayong'olewa na mawimbi kwenye miamba. Chakula tofauti, nzi tofauti.

Yule wa mchanga uliolowa, anayekimbia na kunyonya wenzake, ndiye ninayempenda kuliko wote. Kwa tabia hiyo na uso wa fedha, ni Lispe. Familia yake ni Muscidae, yaani ni ndugu wa nzi wa nyumbani, Musca domestica, lakini haji mezani kwako. Ni mwindaji. Mthibitishe hivi: mshike, mtazame mdomoni. Kuna vijiti viwili kando ya mrija wa kunyonyea, na kwa Lispe ncha zake zimepanuka zikawa bapa na pana. Ukiziona hizo huna haja ya kubishana na mtu. Na bawani, ule mshipa mrefu wa kati unaokwenda ukingoni umenyooka, ilhali kwa nzi wa nyumbani unakunja kona kali kabla ya kufika.

Wa tope la mikoko, kijani chenye kumeta na miguu mirefu, ni Dolichopodidae. Duniani wamekwisha kuandikwa zaidi ya spishi 7,000, na kwenye mikoko ya nchi za joto wako wengi. Nao ni wawindaji, wanakula wadudu wadogo laini. Dume utamjua kwa sehemu ya nyuma ya tumbo iliyokunjwa ikalala chini yake. Mhifadhini dume kwa uangalifu, kwa kuwa jina la spishi mara nyingi linategemea umbo la hiyo sehemu. Jike peke yake humrudisha mtaalamu mkono mtupu.

Sasa tufike kwenye chanja. Wakubwa wa kijani na buluu ni Calliphoridae. Hapa wanaoshukiwa ni wawili: Chrysomya na Lucilia, na wote wanang'aa, kwa hiyo rangi haisaidii. Tazama shina la bawa kwa juu, kwenye mshipa mnene wa mwanzo kabla haujagawanyika. Chrysomya ana safu ya nywele ndogo zimesimama hapo, Lucilia hana. Kama ana kichwa kikubwa, mashavu ya rangi ya chungwa, na dume macho yamekutana katikati na vile vijicho vidogo vinavyounda jicho, vya juu ni vikubwa kuliko vya chini, basi ni Chrysomya megacephala, adui anayejulikana wa samaki wanaoanikwa kote kwenye nchi za joto. Yule wa mistari ni Sarcophagidae: mistari mitatu myeusi mgongoni, na tumbo lenye miraba ya kijivu na nyeusi inayobadilika ukimgeuza kwenye mwanga. Huyu hatagi mayai. Anaangusha mabuu hai, ndiyo maana unaweza kukuta buu kwenye dagaa ambaye hukuona yai lake.

Umeshaona basi. Vidogo vya majani, mwindaji wa mchangani na wale wa chanja si familia moja, na chakula cha mabuu yao si kimoja. Mabuu ya Canacidae na Ephydridae wa majani hula bakteria na viumbe wadogo wanaoozesha. Buu la Chrysomya linataka nyama au kinyesi. Ukilipatia majani matupu ya bahari litakufa.

Lakini sitaki mniamini mimi niliye mbali. Fanyeni hivi. Chukua chupa za mdomo mpana. Moja ijaze majani yaliyooza, yachukue chini ambako ni ya moto na yana utelezi. Ya pili weka dagaa wenye mabuu. Ya tatu weka uchafu wa pale mnapochemshia, matumbo na maji ya shombo yaliyoingia mchangani. Chini ya kila moja weka mchanga mkavu kidogo, kwa sababu mabuu mengi yakishiba yanatafuta mahali pakavu pa kugeuka pupa. Funika kwa kitambaa chepesi, funga kwa mpira, weka kivulini. Kwa joto la pwani nzi wa dagaa watatoka kabla ya wiki mbili. Atakayetoka kwenye chupa ya majani ndiye aliyezaliwa kwenye majani, na mkutano hauna la kubisha.

Kama hamna subira, tazameni buu lenyewe kwa nyuma. Lina sahani mbili za kupumulia, kila moja ina nyufa tatu. Kwa Calliphoridae nyufa zimenyooka. Kwa nzi wa nyumbani zimepindapinda. Kwa Sarcophagidae sahani zenyewe zimezama ndani ya shimo.

Nirudi kwa ndugu wa Mtwapa. Nzi anayeuma vifundo vya miguu ufukweni, mwenye mrija mgumu umechomoza mbele ya kichwa, ni Stomoxys calcitrans. Huyo kweli anaweza kuzaliwa kwenye majani ya bahari yaliyorundikana. Huko Florida, Marekani, ni tatizo linalojulikana miaka mingi. Kwa hiyo kupungua kwake baada ya kuzoa kunaingia akilini. Ila huyo anakunywa damu. Dagaa hana haja naye. BiChanja, je, huko kwenu kuna nzi anayeuma?

Mwani_Jambiani

Nimefuatilia hapa kutoka Unguja, mashariki. Sisi tunalima mwani na kuuanika, na hao vidogo vya kijivu tunao kwenye mwani uliooza ufukweni, uliokatika kambani. Kwenye mwani uliokwisha kukauka hawakai. Nathibitisha hilo.

Mimi nina swali langu. Usiku wa bamvua, maji yakipwa sana, tukitembea na taa kwenye miamba kunainuka vijidudu kama mbu, wengi, wanaizunguka taa. Hawaumi. Asubuhi hawapo. Maji mafu, yasipopwa sana, hatuwaoni kabisa. Nao ni nzi?

Na usubi wa kwenye mikoko, wale wanaouma mpaka unakosa usingizi, ni jamaa moja na hao?

BiChanja (Kwale)

Lenzi_Kilifi, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Tumefanya kama ulivyosema na nimengoja hadi nipate jibu ndipo niandike.

Nzi wa kuuma hatuna. Wavuvi nimewauliza, kina mama nimewauliza, hakuna aumwaye na nzi ufukweni isipokuwa usubi jioni upande wa mikoko.

Chupa ya majani imetoa vidogo vya kijivu, wengi sana. Pamoja nao wametoka vijeusi vidogo zaidi, vimeinama, vinatembea kwa haraka kwenye kioo. Binti anasema kwenye mguu wa nyuma, kile kipande cha kwanza cha wayo ni kifupi na kimenenepa. Hatumjui huyo. Wakubwa wa kijani hakutoka hata mmoja.

Chupa ya dagaa imetoa wa kijani watupu. Nywele za kwenye shina la bawa binti ameziona kwa hadubini ya shule, akaniita na mimi nikaziona. Macho ya dume ni kama ulivyosema, juu makubwa chini madogo.

Chupa ya uchafu wa pale tunapochemshia ndiyo iliyotunyamazisha. Wametoka wa kijani na wa mistari, wamejaa mpaka wanagongana. Pale ni hatua chache tu kutoka kwenye chanja, na ni sisi wenyewe tunamwaga.

Lakini kuna jambo moja limenipa taabu. Binti alijaza chupa nyingine ya majani, akayachukua karibu na bandari ndogo, wanapopaa samaki. Hiyo imetoa vidogo na wakubwa wa kijani pia. Sasa mwenyekiti akisikia hili atasema si ndiyo hayo, majani yanazaa. Nimjibu nini?

Lenzi_Kilifi

Dada, mpe binti pongezi zangu kwa kuijaza hiyo chupa ya bandarini. Wengi wangechukua majani mahali pamoja na kutangaza ushindi.

Jibu liko pale pale ulipotaja wanapopaa samaki. Mkiyachambua yale majani mtakuta magamba, matumbo, vichwa. Buu la Chrysomya limekula hayo, na majani yamelifunika tu, yakalipatia unyevu na kivuli. Hili linaweza kujaribiwa. Chukueni majani ya mahali hapo hapo, yagaweni sehemu mbili. Nusu yasafisheni yabaki majani tupu na nusu tieni matumbo ya samaki mabichi. Yaacheni wazi kivulini siku moja nzi waje watage, kisha funikeni. Mwenyekiti awepo mnapoyafunika na awepo mnapoyafungua.

Na mkimweleza mwelezeni yote. Majani yaliyochanganyika na matumbo ya samaki ni kitalu cha nzi, hilo lina ukweli, wala msilifiche. Ila kuzoa ufuko mzima kwa trekta na kuacha matumbo yakimwagwa ni kuacha chakula chenyewe mahali pake. Pesa ya trekta ingechimba mashimo ya kina yenye vifuniko kwa ajili ya matumbo na kununua neti nyepesi za kufunika chanja katika zile saa za kwanza dagaa akiwa bado na maji. Hizo ndizo saa za hatari. Ngozi yake ikishakauka, Chrysomya hamtaki tena. Ndiyo sababu siku ya mawingu inawaumiza zaidi, kwa kuwa dagaa anabaki na unyevu mchana kutwa. Chumvi nayo inasaidia, msiipunguze kwenye maji ya kuchemshia msimu wa kusi.

Majani yenyewe nawasihi myaache pale ambapo hakuna mtu anayepaa samaki. Yanapunguza nguvu ya mawimbi kwenye mchanga wenu wakati bahari imechafuka. Na hao vidogo vya kijivu mnaotaka kuwachoma ndio chakula cha Lispe, na cha vitwitwi, ndege wa ufukweni, wanaoshuka kutoka kaskazini ya mbali kuanzia Agosti na Septemba, wamechoka na safari, wanatafuta cha kujaza tumbo. Nimekaa pembeni ya Hori ya Mida nikiwatazama wakidonoa kwenye ukingo wa majani, na nasema kwa moyo wote kwamba ufuko usio na vidogo hivi ni ufuko wenye njaa.

Kile kijeusi kilichoinama, chenye kipande cha wayo kifupi na kinene: Sphaeroceridae. Alama aliyoitaja binti ndiyo alama yenyewe ya familia hiyo. Wako kwenye samadi, kwenye majani yanayooza, popote penye uozo wenye unyevu. Ameitambua familia peke yake bila kujua jina lake, na mimi nimeongeza jina tu.

Ndugu wa Jambiani, swali lako ni zuri. Ndiyo, nao ni Diptera, ila wa upande wa mbu, si wa nzi wanene. Wanaotoka usiku wa bamvua na hawaumi ni Chironomidae. Wengi wa familia hiyo wako kwenye maji matamu, lakini wachache wamekwenda kuishi baharini kwenyewe, jambo ambalo wadudu ni nadra kulifanya. Mabuu yao wanaishi kwenye mwani na mchanga wa miamba, na mkubwa anangoja maji yapwe sana ndipo atoke. Anaishi saa chache tu, anapandana, anataga, anakufa kabla maji hayajarudi. Kwa jenasi Clunio jike hana mabawa, dume ndiye anayemfuata. Kuna nyingine, Pontomyia, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926 kutoka visiwa vya Samoa, ambayo dume hatumii mabawa kuruka bali kujisukuma juu ya maji. Ukitaka kuwakamata, usiku wa bamvua weka bakuli jeupe lenye maji ya bahari na tone la sabuni chini ya taa. Wasio na mabawa utafute kwenye povu na vidimbwi vya miamba.

Usubi wa mikoko ni familia ya jirani, Ceratopogonidae, jenasi Culicoides. Kuwatenganisha: Chironomidae akitulia huinua miguu ya mbele. Usubi ni mdogo zaidi, akitulia hukunja mabawa bapa juu ya mgongo, na mara nyingi mabawa yana madoa. Na yeye ana mdomo wa kukata ngozi, hilo unalijua.

Mtwapa_Kwetu

Nimekubali kuhusu dawa, nimemwambia na dada yangu anayeanika huku aache. Wale wa kuuma wana ule mrija mbele kama ulivyoeleza, niliwatazama jana. Kwa hiyo huku kwetu kuzoa ni sawa?

Lenzi_Kilifi

Kwenu, mbele ya hoteli, kama ni Stomoxys, kupunguza rundo lililoanza kuoza kuna sababu. Lakini hakikisheni kwanza pia kwamba hamna zizi la ng'ombe karibu, kwa sababu samadi iliyochanganyika na nyasi inamlea vile vile. Jazeni chupa za sehemu zote mbili.

BiChanja (Kwale)

Mwenyekiti amekubali aje kuona chupa zikifunguliwa. Shimo la matumbo tumeanza kuchimba, halikungoja mkutano.

Swali la mwisho ni la binti: hawa aliowatoa awahifadhi vipi, na kuna mahali wanapokelewa? Hataki watupwe mradi ukiisha.

Lenzi_Kilifi

Wanapokelewa, na wanahitajika, maana nzi wa pwani yetu wamekusanywa kidogo kuliko wa misitu na mashamba. Makumbusho ya Taifa Nairobi wana hazina ya wadudu. Mwalimu wake aandike barua kwanza kabla ya kutuma chochote. Na kama anataka kujifunza kutumia funguo za utambuzi, kuna mwongozo mkubwa wa nzi wa Afrika kusini mwa Sahara ulioanza kutolewa Pretoria mwaka 2017, unapakuliwa bure, una michoro ya kila familia. Ni wa Kiingereza na ni mzito, lakini mtoto aliyeona wayo wa Sphaeroceridae bila kuambiwa ataumudu.

Kuhifadhi: vidogo vyote viingie kwenye spiriti, wakubwa wa kijani na wa mistari wachomwe pini wakauke, kwa sababu spiriti inalaza nywele na kuharibu rangi. Pini iingie kifuani kidogo upande wa kulia wa katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Kila chupa iwe na karatasi ndani yake, imeandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu unayeyuka. Aandike nchi, kaunti, mahali, tarehe, jina la aliyekusanya, kisha alipomkuta: juu ya majani, chini ya majani, mchanga uliolowa, tope la mikoko, dagaa. Aandike kama ni bamvua au maji mafu. Waliotoka kwenye chupa ya kulelea aandike hivyo, na aweke ganda la pupa pamoja na nzi wake.

Wale madume wa miguu mirefu wa kwenye mikoko wapewe chupa yao peke yao. Wakichanganywa na wengine miguu hukatika.